Kushika na Kurithi Mikoba: Usemi wa Mashabiki wa Simba kuhusu Kocha Ajaye, 2021–2024

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia usemi wa mashabiki wa soka wa Dar es Salaam katika vipindi ambavyo klabu ya Simba haikuwa na kocha mkuu wa kudumu kati ya mwaka 2021 na 2024. Inaelezwa kwamba tetesi kuhusu nani atakuja zilikuwa na sarufi yake, taswira zake na mantiki yake, na kwamba kitenzi kimoja kilichochaguliwa badala ya kingine kilitosha kuamua hadhi ya kocha mzawa.

Januari 2021

Tarehe 6 Januari 2021 Simba iliifunga FC Platinum ya Zimbabwe mabao 4-0 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Kipigo cha 1-0 walichopata Harare kikafutika, na kwa mara ya pili katika misimu mitatu timu ikaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kesho yake klabu ikatangaza kuachana na Sven Vandenbroeck, Mbelgiji aliyeipa ubingwa wa ligi msimu uliotangulia. Mashabiki walilala na kocha, wakaamka hawana. Haukupita muda akawa Rabat, akiifundisha AS FAR.

Kwa kawaida kocha huondoka baada ya kufungwa, na tetesi za mrithi wake huanza wiki kadhaa kabla hajaondoka. Safari hii hapakuwa na maandalizi. Hapakuwa na sare mbili mfululizo za kulalamikia, wala mchezaji aliyenuna benchi, wala kichwa cha habari kinachouliza kama mwalimu ataendelea. Kwa hiyo mazungumzo yaliyozuka kati ya tarehe 7 na tarehe 24 Januari, siku alipotambulishwa Didier Gomes Da Rosa, yanafaa kuchunguzwa kuliko mengine: yalianzia sifuri, na yalilazimika kujengwa kwa zana zilizokuwa tayari katika lugha. Majina yaliyotajwa yalikuwa mengi, na karibu yote hayakutimia. Hayana uzito hapa. Chenye uzito ni namna yalivyotajwa.

Mahali pa mazungumzo hayo panajulikana. Tangu klabu hizi mbili kubwa zizaliwe katika miaka ya 1930, Yanga mwaka 1935 na ile iliyokuja kuitwa Sunderland, kisha Simba kuanzia 1971, mwaka mmoja baadaye, habari zake zimekuwa zikisafiri kwa mdomo kutoka Kariakoo kwenda pembe zote za mji. Tadasu Tsuruta, katika utafiti wake kuhusu soka na ukuaji wa Dar es Salaam, ameeleza jinsi klabu hizo zilivyokua pamoja na mji wenyewe. Msimbazi na Jangwani ni majina ya mahali, lakini mtu akisema "Msimbazi hawajaamua" anataja watu, na akisema "Jangwani kumetulia" hazungumzii barabara. Baadaye redio ililetea vijiwe hivyo sauti, na magazeti ya michezo kama Mwanaspoti, Dimba na Championi yakavipa maandishi. Hata hivyo, gazeti halikuua kijiwe. Mtu husimama mbele ya meza ya muuza magazeti, akasoma ukurasa wa mbele bila kununua, kisha huenda kusimulia yale ambayo hajayasoma ndani. Usemi unaochunguzwa hapa uliundwa katika pengo hilo kati ya kichwa cha habari na habari yenyewe.

Kuti, manyanga na mkoba

Mwanaisimu anayesikiliza mazungumzo haya atagundua haraka kwamba safari ya kocha, kuanzia anapoanza kuyumba hadi mwingine anapokalia kiti chake, husimuliwa kwa taswira za pwani na bara zilizokuwapo kabla ya mpira wa miguu kufika.

Kocha aliye hatarini "amekalia kuti kavu". Mkwezi wa mnazi anajua kwamba kuti bichi hubeba uzito wa mtu na kwamba kavu hukatika bila kutoa taarifa. Taswira hii inasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba kocha yuko juu, na kwamba kuanguka kwake kutatokea pasi na mtu kumsukuma. Hapo ndipo penye ujanja wake. Uongozi wa klabu, ambao ndio wenye kuamua, haumo kabisa katika picha. Yamo mnazi, kuti na mtu. Shabiki anayetumia nahau hii huweza kutabiri kufukuzwa kwa kocha bila kumtaja anayefukuza, na kwa namna hiyo hubaki salama na viongozi wake.

Kuti likishakatika, vitenzi hugawanyika. Kocha anayeondoka kwa hiari "amefunga virago" au "amebwaga manyanga". Anayeondolewa "amefungashiwa virago". Tofauti yote imo katika mnyambuliko. Kutoka funga hupatikana fungasha, kisha fungashia, kisha fungashiwa: mtu mwingine amemkusanyia msafiri mkeka wake na vyombo vyake, akavifunga, akamkabidhi mlangoni. Taarifa rasmi za klabu hupenda maneno "makubaliano ya pande mbili", ambayo hayamwambii msikilizaji nani aliyeanza kuzungumza. Shabiki hana anasa hiyo, kwa sababu kitenzi cha Kiswahili kinamdai achague. Mwanzoni mwa 2021 wengi walichagua "amefunga", kwa uchungu, maana kufunga virago baada ya ushindi wa 4-0 ni kuwaacha wenyeji na sherehe yao. Novemba 2023, Robertinho alipoondoka siku mbili baada ya Yanga kuifunga Simba 5-1, kitenzi cha "amefungashiwa" hakikuwa na mpinzani vijiweni, taarifa iseme itakavyo. Siku hizi kuna namna fupi zaidi: "amepewa thank you". Shukrani ya Kiingereza iliyokuwa ikiandikwa juu ya picha ya kuaga imekuwa nomino ya Kiswahili yenye maana ya barua ya kufukuzwa, na mtu huweza kuuliza bila mzaha wowote ni nani atakayefuata kupewa.

"Kubwaga manyanga" linahitaji kusimamiwa zaidi, kwa kuwa manyanga ni ala za mganga, zile anazozitikisa katika shughuli yake. Anayezibwaga amekiri kwamba ugonjwa umemshinda. Nahau hiyo imesambaa hadi katika siasa na ofisi, na wengi wanaoitumia hawamfikirii mganga. Lakini katika soka haikuja peke yake. Anayemfuata kocha aliyeondoka "hurithi mikoba", na mkoba nao, katika jamii nyingi za pwani na bara, ni chombo cha mganga: mna dawa zake, na mwanafunzi aliyekwisha kufundwa hukabidhiwa. Manyanga yamebwagwa, mkoba umerithiwa. Ukiziweka nahau hizi mbili pamoja, kocha si mwalimu wa viungo wala msimamizi wa wafanyakazi. Ni mganga, na timu ni mgonjwa. Mashabiki wenyewe hulisema hilo waziwazi wanapodai kwamba timu "inaumwa" na kwamba aliyekuja ameshindwa "kuitibu".

Haifai kulichukulia jambo hili kuwa pambo tu. Neno fundi kwa Kiswahili cha zamani cha pwani humtaja pia mganga, na katika soka la Tanzania maneno "kamati ya ufundi" yamekuwa yakisemwa kwa tabasamu, yakimaanisha wale wanaoshughulikia mechi nje ya uwanja kwa njia zisizoandikwa. "Benchi la ufundi", yaani kocha na wasaidizi wake, limekaa jirani mno na maneno hayo. Pamoja na leseni na programu za kompyuta anazokuja nazo kocha wa leo, msamiati unaompokea umeshampangia kazi ya zamani zaidi.

Linganisha na nahau iliyoingia karibuni, ya "kuvaa viatu" vya aliyetangulia, ambavyo mara zote huwa vikubwa. Imetafsiriwa moja kwa moja kutoka lugha nyingine, na inasikika hivyo. Kiatu hupimwa kwa mguu: au kinatosha, au hakitoshi. Mkoba hauna kipimo. Swali lake ni kama uliupata kwa haki.

Sarufi ya tetesi

Kuhusu sarufi yatasemwa machache. Tetesi huishi katika kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Kocha fulani "anatajwa", "anahusishwa", "inadaiwa" amezungumza na klabu. Nani anayetaja? Sarufi haidai jibu, na kijiwe hakiulizi. "Inasemekana" huenda mbali zaidi, kwa sababu kauli ya kutendeka humwondoa msemaji hata kwa kudokeza. Neno linajisema lenyewe. Kwa upande wa njeo, jambo la kuangaliwa ni kwamba tetesi hupendelea -me- kuliko -ta-. Anayesema "atakuja" ametoa maoni. Anayesema "ameshamalizana nao, amebaki kumwaga wino tu" ametoa habari, na habari ina bei. Ndiyo maana kocha mmoja huweza kuwa "ametua" uwanja wa ndege wa Dar es Salaam mara tatu katika wiki ambayo hakupanda ndege.

Waliofanana na adui

Didier Gomes alipotambulishwa, alikuwa ametoka Al Merrikh ya Sudan. Droo ya makundi iliyokuwa imefanyika siku chache kabla ilikuwa imewaweka Simba kundi moja na Al Ahly, AS Vita na Al Merrikh hiyohiyo. Katika eneo hili si mgeni kabisa: mwaka 2013 aliipa Rayon Sports ubingwa wa Rwanda. Lakini jambo lililowakaa mashabiki kooni, kwa furaha, lilikuwa lile la kundi. Wamemchukua mwenye siri za mpinzani. Tarehe 12 Februari akashinda 1-0 Kinshasa dhidi ya AS Vita, na tarehe 23 Februari Simba ikaifunga Al Ahly 1-0 kwa bao la Luis Miquissone. Hoja ikawa imethibitika, angalau kwa kipimo cha kijiwe.

Miaka miwili baadaye ikathibitika tena. Robertinho, Mbrazili aliyetambulishwa Januari 2023, alitoka Vipers ya Uganda. Vipers walikuwa wameitoa TP Mazembe na kupangwa kundi moja na Simba, pamoja na Raja na Horoya. Na alipoondoka Robertinho, akaja Abdelhak Benchikha wa Algeria, ambaye miezi michache kabla, akiwa na USM Alger, alikuwa ameinyima Yanga Kombe la Shirikisho katika fainali ya 2023: 2-1 Dar es Salaam, kisha Yanga wakashinda 1-0 Algiers, na kombe likaenda kwa kanuni ya mabao ya ugenini.

Makocha watatu katika miaka mitatu, na kila mmoja alifika akiwa na historia ya kuwa upande wa pili. Sababu za uongozi zilikuwa zake, na huenda bei na upatikanaji vilikuwa na uzito kuliko yote haya. Lakini kwa mashabiki mfuatano huo ulizaa kanuni ya kubashiri. Klabu ikikosa kocha, orodha ya makundi ya CAF husomwa upya kama orodha ya wagombea. Ni mantiki ya hekaya: shujaa hutafutwa katika kambi ya adui, kwa kuwa ndiye aliyekwisha kuonesha nguvu zake juu yetu, au, katika suala la Benchikha, juu ya mtani.

Mtani naye hakai kimya. Simba na Yanga huitana watani wa jadi, na utani, kama unavyojulikana katika mila za makabila mengi ya Tanzania, humpa mtu ruhusa ya kuingia msibani kwa mwenzake na kusema yasiyosemeka. Nafasi ya kocha inapokuwa wazi, mtani hupendekeza majina. Hupendekeza kwa huzuni bandia na kwa ufasaha mkubwa, na hasa humwombea aliyeshindwa aendelee kubaki. Baada ya 5-1 ya tarehe 5 Novemba 2023 namba tano ilitosha kuwa sentensi kamili. Mtu aliinua kiganja tu. Sehemu nzuri ya fasihi ya tetesi imetungwa na watu wasioitakia timu hiyo heri, na mkusanyaji anayewahoji mashabiki wa upande mmoja tu atakosa nusu ya matini.

Kocha mzawa

Septemba 2022 Zoran Maki, Mserbia, aliondoka baada ya muda mfupi sana na kwenda Al Ittihad ya Alexandria. Michuano ya Afrika ilikuwa imekaribia. Simba ikamchukua Juma Mgunda kutoka Coastal Union ya Tanga awe kocha wa muda. Akashinda nyumbani na ugenini dhidi ya Nyasa Big Bullets ya Malawi. Akaenda Luanda akaifunga Primeiro de Agosto 3-1, akamaliza kazi Dar es Salaam kwa 1-0, na timu ikaingia makundi.

Mashabiki wakampa jina: Guardiola Mnene. Jina hilo lilisemwa kwa mapenzi ya kweli, na mwenyewe hakuonekana kulikataa. Lakini muundo wake unastahili kutazamwa. Nomino ni ya Mkatalunya. Kilicho cha Mgunda ni kivumishi peke yake, nacho kinahusu mwili. Sifa ya akili imeazimwa ng'ambo, kisha ikapunguzwa kidogo kwa kicheko ili isimzidi aliyepewa. Katika miaka ya 1970 Yanga walikuwa na Mromania waliyemwita Profesa Victor, na nusu karne baadaye Nasreddine Nabi wa Tunisia aliitwa Profesa klabuni hapohapo. Wao walipewa cheo cha chuo kikuu moja kwa moja. Mzawa alipewa cheo kwa kufananishwa.

Wapo watakaosema kwamba jina la utani ni jina la utani. Hoja hiyo ingekubalika kama lisingefuatwa na lile lililofuata. Wakati Mgunda akiendelea kushinda, tetesi za kocha ajaye hazikusimama hata wiki moja. Hazikuwa za chuki; wengi waliozieneza walimsifu katika sentensi hiyohiyo. "Anafanya vizuri, ila nani anakuja?" Neno ila hapo linafanya kazi ambayo hoja ndefu isingeifanya. Januari 2023 akaja Robertinho, na Mgunda akarudi kuwa msaidizi.

Wenye kumbukumbu walikuwa na majibu ya historia. Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 na kufungwa na Stella Abidjan, kocha alikuwa Abdallah Kibadeni, yuleyule aliyefunga mabao matatu katika 6-0 dhidi ya Yanga mwaka 1977. Tanzania ilipokwenda Lagos kwa mara ya kwanza kwenye fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 1980, Joel Bendera alikuwa katika uongozi wa timu. Simba ilipoitoa Zamalek mwaka 2003, kocha alikuwa James Siang'a, Mkenya, ambaye hakuwa mzawa lakini pia hakuhitaji mkalimani. Hoja hizi zilitolewa vijiweni na wazee kwa usahihi wa kushangaza wa matokeo, na kwa kawaida zilipokewa kwa heshima, kisha mazungumzo yakarudi kwenye jina lililotua, au lililosemekana limetua, jana usiku. Masharti ya leseni za CAF nayo yaliongeza msamiati mpya: mashabiki wasiojua daraja la leseni yao ya udereva wakawa wanajua nani ana A na nani ana B. Kwa baadhi ya wazawa sharti hilo lilikuwa kizuizi cha kweli. Kwa Mgunda halikuwa ndilo jibu, kwa kuwa alikaa benchi kama kocha mkuu katika mechi zote nne za kufuzu.

Aprili 2024 Benchikha akaondoka, na Mgunda akaitwa tena, safari hii kutoka timu ya wanawake ya klabu hiyohiyo, Simba Queens. Akamaliza msimu katika nafasi ya tatu. Julai akaja Fadlu Davids wa Afrika Kusini.

Hapa nahau ya mkoba inarudi, kwa kuwa mashabiki na magazeti hawakuwahi kuitumia kwa namna moja. Kuhusu Gomes, Robertinho, Benchikha na Fadlu, kitenzi kilikuwa kurithi. Kuhusu Mgunda mara zote mbili, kilikuwa kushika, au kushikilia. Mtu hushikilia mkoba wa mwenzake aliyekwenda haja, au wa mgeni ambaye ndege yake imechelewa. Kushika hakuna urithi ndani yake, wala hakuna muda maalumu. Kuna kukabidhi tu. Hapajakuwa na kamati iliyokaa kuchagua kitenzi hicho, na huenda hakuna hata shabiki mmoja aliyekitumia kwa kukusudia kumshusha mtu. Ndivyo lugha ilivyokuwa imekwisha kupanga.

Kielelezo kikamilifu zaidi cha kitenzi hicho ni Selemani Matola, aliyekuwa nahodha wa Simba enzi zake. Alishika mikoba Januari 2021, Vandenbroeck alipoondoka, akaipeleka timu fainali ya Kombe la Mapinduzi Zanzibar na kufungwa na Yanga kwa penalti tarehe 13. Aliishika tena mwishoni mwa Mei 2022, alipoondoka Mhispania Pablo Franco. Alikuwa mmoja wa walioishika Novemba 2023, na alikuwa pembeni ya Mgunda 2024. Katika vipindi vyote hivyo mashabiki walitaja majina kutoka mabara manne. Jina lake lilikuwa likitajwa pia, katika sentensi moja isiyobadilika, kwamba timu iko chini yake kwa sasa. Fadlu alipowasili na wasaidizi wake, Matola alibaki benchi.